Siku Tatu za Buguruni, Saa Nne za Shindano

Kipenga kikishalia hakuna kujifunza tena. Mko wanne mbele ya meza moja, na ubaoni imeandikwa kazi ya mistari mitatu: chukueni mipira kumi ya tenisi kwenye beseni hili, ifikisheni kwenye beseni lile, mita sita mbele, na katikati kuna kizingiti cha mbao chenye kimo cha sentimita nne. Saa nne za kuunda mashine, dakika moja ya kuionyesha. Zamani nilisimama upande wa meza, siku hizi nasimama upande wa saa, na kila mwaka naona jambo lilelile. Timu haishindwi ndani ya zile saa nne. Imeshashindwa katika siku tatu za kabla yake, ilipokaa hosteli ikabishana juu ya rangi ya fulana.

Kwa hiyo mwongozo huu, mwanafunzi wa mitambo, unaanzia Buguruni, kwa mafundi na vyuma chakavu vya Dar es Salaam.

Hatua ya kwanza ni kufunga kompyuta. Sina ugomvi nayo. Lakini mchoro wa kwenye kompyuta una beringi mpya, shafti iliyonyooka kama uzi na mota ambayo haijawahi kunyeshewa, na vitu hivyo havitakuwemo kwenye beseni la vifaa utakalokwenda nalo ukumbini. Anayechora kabla ya kushika anachora mashine ambayo hatapata pa kuinunua. Panda daladala. Ukitokea chuo kikuu pale Mlimani, pita Ubungo ufuate Barabara ya Mandela. Ukitokea Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam (DIT), shika Barabara ya Uhuru, uvuke Kariakoo, Karume na Malapa. Shuka Buguruni Sheli. Uwe umefika saa mbili asubuhi, kwa sababu ikifika mchana fundi ana wateja na ana jua, na wewe na maswali yako mtakuwa mzigo wa tatu. Vaa viatu vinavyofunika vidole. Grenda haina adabu.

Hatua ya pili ni kusalimia, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapoharibu.

Mwaka juzi niliongozana na vijana watatu na binti mmoja hadi kwa fundi mmoja anayeuza na kufufua spea za zamani. Alikuwa amekaa kwenye tairi, ameshika kabureta ya pikipiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibuni, wanangu."

"Tunatafuta mota ya waipa."

"Ya gari gani?"

"Yoyote tu, mzee."

Akarudi kwenye kabureta yake. "Yoyote sina. Ninazo za magari."

Vijana wakanitazama. Sikuwasaidia. Akasogea yule binti, akachuchumaa usawa wa macho ya mzee, akasema, "Baba, tuna mkono wa sentimita thelathini, mwishoni una mzigo wa kilo mbili. Tunataka upande taratibu, na tukizima umeme usianguke." Mzee akaweka kabureta chini. Akajifuta mikono. Akaingia ndani akatoka na mota tatu zimefungwa waya pamoja kama samaki, na kuanzia dakika ile hatukuwa wateja, tulikuwa wanafunzi.

Huo ndio ufunguo, na naomba uushike vizuri kuliko formula yoyote uliyokariri. Usimwambie fundi jina la kitu, mwambie kazi ya kitu. Jina unaweza kulikosea, na yeye atakupa ulichokitaja. Ukimweleza kazi, atakutafutia kitu ambacho hukujua kama kipo.

Sasa tazama anavyoichagua mota. Kwanza anaishika shafti kwa vidole viwili na kuisukuma huku na huku, aone kama inacheza. Kisha anaiunganisha na betri ya pikipiki ya volti 12. Inapozunguka, anagusisha ncha ya bisibisi kwenye mwili wa mota na kuweka mpini sikioni, kama daktari na kifaa chake. Akatupa na sisi tusikilize. Ya kwanza ilinguruma sawasawa, kama pangaboi la msikitini. Ya pili ilisikika kama mtu anayetafuna wali wenye mawe. "Bushi imekwisha," akasema, akaiweka pembeni. Hakuna mhadhara niliouhudhuria kwa miaka minne ulionifundisha kusikiliza chuma namna ile, na nasema hivyo kwa heshima zote kwa walimu wangu. Wao walinipa hesabu ya nguvu za kwenye bushi. Fundi alinipa sauti yake. Kwenye shindano utavihitaji vyote viwili, na cha pili utakihitaji kwa haraka zaidi.

Kwa nini mota ya waipa, na si nyingine? Kwa sababu imeshatatua nusu ya matatizo yako kabla hujazaliwa. Ndani yake mota ndogo inayokwenda kasi inazungusha gia yenye umbo la skrubu, na skrubu ile inasukuma gurudumu la meno. Kasi inapungua sana, nguvu inaongezeka sana. Shafti ya nje huzunguka kama mara 45 kwa dakika kwenye mwendo wa taratibu na kama 65 kwenye mwendo wa haraka; miendo hiyo miwili inatokana na brashi ya tatu ya kaboni iliyowekwa ndani. Na skrubu inaweza kusukuma gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kwa urahisi kuisukuma skrubu. Ndiyo maana ukizima umeme mkono unabaki pale ulipo. Binti aliomba breki bila kujua kwamba anaomba gia, na mzee akamwelewa.

Fanya hesabu hapohapo, juu ya kipande cha boksi. Mpira mmoja wa tenisi hauzidi gramu 60, kwa hiyo mipira kumi haifiki gramu 600. Ongeza sinia la kuibebea na fito zake, weka kilo mbili kwa usalama. Kilo mbili mwisho wa mkono wa sentimita 30 zinadai takribani Nyutoni-mita 6. Mota ya waipa ya gari inauweza mzigo huo, na ukiisaidia kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vinavyovuta mkono kwenda juu, itaubeba bila kuhema. Magurudumu je? Gurudumu la kipenyo cha sentimita 20 lina mzingo wa sentimita 63. Zidisha kwa mizunguko 45: mita 28 kwa dakika. Mita sita zako zinaisha kwa sekunde 13. Una dakika nzima. Huna sababu ya kutafuta mota ya kasi, na kila timu iliyokuja na mota ya kasi nimeiona ikigonga ukuta.

Na kile kizingiti cha sentimita nne ni mtego, nakuambia mapema. Gurudumu haliwezi kupanda ngazi iliyo juu kuliko ekseli yake. Tairi la gari la kuchezea lenye kipenyo cha sentimita sita lina nusu kipenyo cha sentimita tatu. Litasimama pale na kusugua hadi betri iishe. Tairi la kigari cha mtoto, la sentimita 20, litapanda kama limeitwa. Jambo hilo lipo kwenye kitabu cha mwaka wa kwanza, lakini nimeona wanafunzi wa mwaka wa nne wakilisahau kwa sababu matairi madogo yalikuwa mazuri machoni.

Ngoja nieleze shindano lenyewe lilikotoka, maana linaeleza kwa nini nang'ang'ania vyuma chakavu. Kule Massachusetts, kwenye chuo cha MIT, mwalimu Woodie Flowers katika miaka ya 1970 alilijenga somo la ubunifu wa mitambo lililojulikana kwa namba tu, 2.70. Kila mwanafunzi alipewa mfuko wenye vitu vilevile: vipande vya plastiki, vyuma, lasitiki, mota, makorokoro. Kila mmoja akaunde mashine yake, kisha mashine zishindane mbele ya ukumbi uliojaa watu wanaopiga kelele kama wako uwanja wa mpira. Miaka hiyohiyo Waingereza walikuwa na kipindi cha televisheni kilichoanza 1979, ambapo washindani waliunda vigari vya kubeba yai kwa nguvu ya lasitiki. Mwaka 1989 Dean Kamen alianzisha taasisi ya FIRST, Flowers akaungana naye, na mwaka 1992 timu 28 za sekondari zikakutana kwenye ukumbi wa michezo wa shule huko New Hampshire kwa shindano la kwanza. Hao walipewa wiki sita. Wewe una saa nne.

Katika historia hiyo kilichonishika ni ule mfuko. Kila mtu alikuwa na makorokoro yaleyale, kwa hiyo pesa haikuweza kushinda. Aliyeshinda ni yule aliyekitazama kipande cha plastiki akaona kitu kingine ndani yake. Na sisi mfuko huo tunao, hatuna haja ya kuletewa kwa ndege. Upo Buguruni unapimwa kwa kilo kwenye mizani ya vyuma chakavu. Upo Gerezani, ambako skwea paipu na flatibaa zinakatwa na kuchomelewa siku nzima hadi barabara inanuka moto. Upo kwenye maduka ya Kariakoo, kwenye makopo ya swichi, fyuzi na waya. Jiji hili ni karakana kubwa, na vyuo vyetu viko ndani yake. Kitivo cha Uhandisi pale Mlimani kilianza 1973. DIT ilianza 1957 ikiwa chuo cha ufundi, na hadi leo iko mwendo wa miguu tu kutoka Kariakoo. Inaniuma kumwona mwanafunzi wa pale anamaliza miaka minne bila kujua jina la fundi hata mmoja wa Gerezani.

Wapo walioutumia mfuko huo. Bernard Kiwia wa Arusha alianza akiwa fundi baiskeli. Akatumia vipuri vya baiskeli kutengeneza chaja ya simu ya kukanyaga, akaendelea hadi kushiriki kuanzisha kituo cha ubunifu cha Twende, ambako watu wanafundishwa kujiundia vitu vyao wenyewe. Yeye alitoka kwenye spana akafika kwenye ubunifu. Wewe unatoka kwenye ubunifu, na spana inakusubiri.

Ukipita Kariakoo kununua swichi, simama dakika moja uangalie paa la soko alilosanifu Beda Amuli, lililofunguliwa 1975. Ni miavuli ya zege iliyogeuzwa, kila mmoja juu ya nguzo yake. Mwavuli uleule unaokinga jua unapokea na mvua. Kipande kimoja, kazi mbili. Mashine yako ifanyiwe hivyohivyo: sinia linalozoa mipira ndilo liibebe na ndilo liimwage. Kila kipande unachokiondoa ni kipande ambacho hakitafunguka mbele ya majaji.

Hatua ya tatu ni fupi. Nunua mota mbili za ziada kuliko unazohitaji, na boliti za ukubwa mmoja tu, ili mbebe spana ya namba moja. Basi.

Ya nne inahusu umeme, na hii niliilipia mwenyewe. Nilikuwa mwaka wa tatu. Tulifunga mota mbili za waipa kwenye fremu ya skwea paipu, moja kila upande, zote zimekazwa kwa boliti chuma kwa chuma. Kwenda mbele, mashine ilitembea vizuri. Zilipobaki dakika sita nikabonyeza swichi ya kukata kona, ile inayopeleka mota moja mbele na nyingine nyuma. Waya ukawa mwekundu, plastiki ikayeyuka, moshi mweupe ukapanda, na harufu ile ninaikumbuka mpaka leo. Hatukupata alama hata moja. Wiki iliyofuata nikaibeba mota hadi Buguruni, na fundi hakuhitaji hata kuiwasha. "Hii ni ya gari," akasema. "Bodi ndiyo athi yake."

Maneno manne. Kwenye mota nyingi za waipa, upande wa hasi umeunganishwa na mwili wa mota wenyewe, kwa sababu kwenye gari bodi yote ni hasi. Ukigeuza waya ili mota irudi nyuma, mwili wake unakuwa chanya. Mota mbili kwenye fremu moja ya chuma, moja mbele, moja nyuma, ni chanya na hasi zimeshikana mikono. Dawa yake ni rahisi: fremu ya mbao. Mbao ni nyepesi, inakatika kwa msumeno wa mkono na haipitishi umeme. Ukilazimika kutumia chuma, lalia kila mota kipande cha tairi, boliti zivishe mpira, na hakikisha hata shafti haigusi fremu, kwa kuwa nayo imeungana na mwili. Na weka fyuzi. Nakuomba sana, weka fyuzi. Ni kitu kidogo kuliko kucha, na kingetuokoa sisi.

Sasa tuingie ukumbini.

Nusu saa ya kwanza hamkati kitu. Mnachukua boksi, mkasi na gundi ya karatasi, mnaunda mashine yote ya boksi kwa ukubwa wake halisi. Mtaona wenzenu wameshawasha drili, na moyo utawaenda mbio. Uacheni uende. Boksi litawaambia kwa dakika kumi kwamba mkono unagonga beseni, jambo ambalo chuma kingewaambia saa ya tatu.

Gawaneni kazi kwa mikono, msigawane kwa vyeo. Mmoja akate, mmoja aunge, mmoja ashughulike na waya peke yake, wa nne ashike saa na kufagia. Usicheke kuhusu kufagia. Nati iliyoanguka kwenye meza chafu inatafutwa dakika tano, na dakika tano ni sehemu ya 48 ya maisha yenu siku ile. Mwenye saa ndiye mkubwa. Akisema mmechelewa, mmechelewa, hata kama ndiye mdogo kuliko wote darasani.

Saa ya pili ikiisha, mashine lazima iwe imejisogeza yenyewe, hata kwa sentimita kumi, hata kama mkono bado ni wa boksi. Timu zote nilizoziona zikishinda zilikuwa na kitu kibaya kinachotembea katikati ya muda. Zilizoshindwa zilikuwa na kitu kizuri kilicholala.

Umeme ukikatika, na jiandae kwa hilo, msimame kidete. Kama kwenye beseni lenu kuna msumeno wa chuma, tupa, drili ya kuzungusha kwa mkono na betri yenu iliyochajiwa jana usiku, huo ndio muda wenu. Nakumbuka kiza kimoja cha dakika arobaini. Meza tano zilikaa zikipigiana stori. Meza moja ilisogea dirishani ikaendelea kupiga tupa, na mlio ule wa tupa peke yake ukumbini ulikuwa mzuri kuliko hotuba ya ufunguzi. Walikuwa wanasawazisha upande mmoja wa shafti ili skrubu ya kukaza ipate pa kushika, kazi ndogo ambayo wengi huiruka, kisha gurudumu linazunguka na shafti imetulia.

Dakika 45 za mwisho hakuna kukata, hakuna kutoboa, hakuna wazo jipya. Wazo litakuja, tena zuri sana, na litakuja kwa mtu mnayempenda. Mkatalieni. Jaribio moja ni dakika moja, kurekebisha na kurudisha mipira ni dakika tatu; mna nafasi ya majaribio 11. Aliyeendesha mara 11 mkono wake umeshajua mashine inavutia upande gani. Aliyemaliza kuunda dakika ya mwisho anaiendesha kwa mara ya kwanza mbele ya watu mia mbili, na mikono inamtetemeka. Nimezishika saa hizo, najua sura zao.

Yule binti na wenzake walivusha mipira minane kati ya kumi. Miwili iliruka nje sinia lilipogonga kizingiti. Walikuwa wa pili. Jumatatu yake wakarudi Buguruni na mota mbili ambazo hazikuungua, wamezifunga kwenye mfuko wa rambo, na wamebeba chupa ya maji baridi. Wakamsimulia matokeo. Mzee akaweka bisibisi sikioni, akasikiliza moja baada ya nyingine.

"Ile mipira miwili iliangukia wapi?" akauliza.

Binti akamchorea kizingiti na sinia kwenye vumbi kwa kijiti. Mzee akatazama, akanyoosha mkono akakata kipande cha tyubu, akakiweka juu ya mstari wa sinia, ukingoni mbele, kama mdomo uliokunjwa.